Stopwochi ya kumbukumbu 100: nyota nne kutoka kwa kocha msaidizi

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza: dola 40 na ushee, bila gharama ya kutumiwa. Kwa fedha hiyo unapata stopwochi ya mkononi yenye kumbukumbu 100 (yaani nafasi 100 za kuhifadhi muda), kioo cha mistari mitatu, vitufe vitatu, kamba ya shingoni na kijitabu cha maelezo chenye maandishi madogo kama chawa. Chapa sitaitaja. Stopwochi za daraja hili zinafanana mno, na nitakayosema yatakusaidia kuchagua yoyote utakayoikuta dukani. Naipa nyota nne. Ya tano imechukuliwa na baridi, nitafika huko.

Mimi ni kocha msaidizi wa mbio za kati na ndefu kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku. Kwa asiyeijua kazi hii: kocha msaidizi ndiye anayeandikisha wanariadha kwenye mashindano, anayekodi basi dogo, anayeliendesha hilo basi, anayegawa vyumba vya hoteli na kukusanya risiti za chakula. Akishamaliza yote hayo, alasiri anasimama kwenye alama ya mita 200 anasoma muda kwa sauti mpaka koo linakauka. Kocha mkuu yuko upande wa pili anaongea na mwandishi wa habari. Silalamiki. Niliingia kwa mlango wa kujitolea, enzi ambazo NCAA ilikuwa bado inaruhusu kocha asiyelipwa hata senti. Nafasi ile ilifutwa Daraja la Kwanza mwaka 2023, na sioni aliyeililia.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu inahusu ununuzi. Mikataba ya wasaidizi wengi ni ya mwaka mmoja mmoja, na kocha mkuu akihama au akifukuzwa, anayekuja huja na watu wake. Siku hiyo unarudisha funguo, koti lenye nembo, kompyuta, na stopwochi kama ilikuwa ya chuo. Pamoja na stopwochi unarudisha miaka ya vidole kuzoea vitufe vyake. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayeingia kwenye ukocha: stopwochi nunua kwa hela yako. Vingine vyote mwachie mwajiri.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe.

Kitufe cha kulia kinaanzisha na kusimamisha. Cha kushoto kinachukua muda wa mzunguko. Cha katikati kinabadilisha matumizi. Mpangilio huu utaukuta karibu kila mahali, lakini tofauti iko kwenye ugumu wa kitufe. Kwenye hii yangu kitufe cha kushoto kinabonyea kwa mlio mdogo unaousikia kwenye kidole gumba hata uwanja ukiwa unapiga kelele. Hilo ndilo jambo la kwanza la kupima dukani: fumba macho, bonyeza, jiulize kama kidole kimejua kwamba kitufe kimekubali. Kama inabidi uangalie kioo ndipo uwe na hakika, iache hapo hapo. Kocha anayeangalia kioo haoni magoti ya mkimbiaji wake yanavyoanza kushuka kwenye mita 600, na magoti yale yana habari kuliko namba.

Jambo la pili ni kufuta. Kwenye stopwochi za bei ya chini, saa ikiwa imesimama, mguso mmoja wa kitufe cha kushoto unafuta kila kitu. Hii inataka ushikilie kitufe kwa sekunde kadhaa ndipo ifute. Inaweza kukaa mfukoni mwa koti pamoja na funguo, kipenga na kalamu, na safari nzima ya basi ikaisha namba zikiwa salama.

Jambo la tatu, na hapa ndipo ilipoistahili hela yangu, ni kwamba inahifadhi vyote viwili: muda wa mzunguko na muda wa jumla. Nyingi za bei nafuu zinahifadhi mzunguko tu. Kwa mtu anayepima mkimbiaji mmoja hiyo inatosha kabisa. Kocha msaidizi hapimi mkimbiaji mmoja hata siku moja.

Chukua mita 10,000 kwenye mchujo wa kanda wa NCAA. Nchi imegawanywa Mashariki na Magharibi, kila kanda inaingiza wanariadha 48 kwa kila mbio, na 12 wa juu ndio wanaokwenda kwenye fainali za kitaifa. Kwenye mita 10,000 wote 48 wanatolewa kwa pamoja, mizunguko 25, mara nyingi usiku ili kukwepa joto. Tuseme una wakimbiaji watatu humo. Mizunguko 25 mara tatu ni mibonyezo 75, na stopwochi ina nafasi 100. Inatosha, mradi umefuta mazoezi ya asubuhi.

Unabonyeza kila wako anapopita. Wa kwanza anapita kwenye 1:10.2, wa pili 1:11.5, wa tatu 1:14.0. Mzunguko unaofuata ni 2:21.0, 2:21.9 na 2:26.3. Ukisoma safu ya "mizunguko" utakuta vichekesho: 1:07.0 ambayo si ya mtu yeyote, ni pengo tu kati ya wa tatu kupita na wa kwanza kurudi. Lakini ukisoma safu ya jumla na kutoa kwa hatua za tatu tatu, habari inatoka. Wa kwanza amekimbia 70.8. Wa pili 70.4. Wa tatu 72.3. Kumbe wa pili, ambaye kwa macho anaonekana yuko nyuma anahangaika, ndiye mwenye kasi kuliko wote, na pengo lake na mwenzake limeshuka kutoka sekunde 1.3 hadi 0.9. Huyo humpigii kelele za "songa!" Huyo unamwambia atulie, kwa sababu mizunguko imebaki 23.

Hesabu hii naifanya kichwani wakiwa upande wa mbali wa uwanja, na stopwochi inaniruhusu kurudi nyuma kwenye kumbukumbu huku saa ikiendelea kutembea. Si zote zinaruhusu. Muulize muuzaji, na akisema "nadhani," mwombe akuoneshe. Wakimbiaji wakipishana, andika kiganjani ni nani yuko mbele, maana mashine haijui majina ya watu.

Na hapo hapo kuna kasoro yangu ya kwanza: kioo hakina taa. Mbio za usiku chini ya taa za uwanja unaona, ila ukisimama kwenye kona yenye kivuli cha jukwaa unainamisha mkono huku na huku kutafuta mwanga. Kwa bei hii wangeweka taa.

Baridi. Msimu wetu wa ndani, yaani wa mbio za ndani ya jengo, unaanza Desemba na kwenda mpaka Machi, na si kila chuo kina uwanja wa ndani wake, kwa hiyo mazoezi mengi ya Januari ni barabarani na kwenye uwanja uliokwanguliwa theluji. Joto likishuka sana chini ya nyuzi sifuri, tarakimu za kioo zinaanza kuvutana. Unabonyeza, namba inabadilika kwa uzito, na sehemu za mia za sekunde zinakuwa ukungu mtupu. Saa ndani inaendelea sawasawa, hiyo nimeihakiki kwa kuilinganisha na nyingine iliyokuwa kwenye joto, kwa hiyo kumbukumbu ni sahihi. Tatizo ni kusoma palepale. Ongeza na glavu: vitufe ni vidogo, vya kulia na kushoto viko karibu, na kwa glavu nene kidole kinaweza kugusa vyote viwili. Mimi nimekata ncha ya kidole gumba cha glavu ya kulia. Wanariadha wangu hucheka, lakini muda wanaupata. Mashine inayouzwa kwa ajili ya uwanjani, kwenye nchi ambayo nusu ya msimu ni barafu, ilipaswa kuliona hili. Nyota imekwenda.

Mtaniuliza, na simu je? Nimejaribu programu za simu, na zina sifa moja ambayo stopwochi haina: kila mkimbiaji ana kisanduku chenye jina lake, unagusa jina, na hesabu za kutoa kwa tatu tatu zinaisha. Kwa kundi la watu 14 wakikimbia mita 1,000 mara tano, kwa kweli simu inashinda. Lakini kioo cha simu hakina kitufe, ni bapa. Lazima uangalie unapogusa. Mvua ikinyesha kidole kinateleza na simu inaelewa vingine. Na simu ni simu: katikati ya mzunguko wa mwisho anapiga mzazi wa mwanariadha kuuliza habari za skolashipu, kioo chote kinakuwa jina lake. Siku za mazoezi natumia zote mbili, simu nampa mwanariadha aliyeumia anayetazama. Siku ya mashindano stopwochi iko mkononi na simu iko mfukoni imezimwa sauti.

Saa za satelaiti za mkononi wanazovaa wakimbiaji wenyewe ni nzuri barabarani. Uwanjani, kwenye kona, zinakata au kurefusha mita kadhaa kila mzunguko, na mwisho kijana anakuja kukubishia.

"Mwalimu, saa yangu inasema nimekimbia sitini na tisa."

"Umekimbia sabini na nukta nane."

"Lakini saa..."

"Uwanja ni mita mia nne, baba. Saa yako haikuupima."

Kuhusu usahihi, kuna watu wananunua stopwochi yenye sehemu ya mia ya sekunde wakidhani wamenunua sehemu ya mia ya sekunde. Mashine ina usahihi huo, kidole hakina. Kanuni za riadha zinalijua hili: muda wa mkono kwenye mbio za uwanjani unapandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, yaani 4:03.41 inaandikwa 4:03.5, na washika saa wakiwa watatu na wote wamepishana, unachukuliwa muda wa katikati. Kwa mbio fupi ni mbaya zaidi, kwa sababu mshika saa anachelewa kuitikia bastola ya kuanzishia, ila mwishoni anamwona mkimbiaji akiukaribia utepe wa kumalizia na anawahi kubonyeza. Ndiyo maana ukitaka kulinganisha muda wa mkono na wa kamera ya mstari wa mwisho kwenye mita 100, kanuni iliyozoeleka ni kuongeza sekunde 0.24. Na tangu mwaka 1977 rekodi za dunia za mita 400 kushuka chini zinapokelewa kwa saa ya umeme tu.

Haimaanishi muda wa mkono ni wa kudharauliwa. Mkenya Henry Rono alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji iliandikwa 8:05.4, tarakimu moja tu baada ya nukta. Mita 5,000 ilikuwa 13:08.4. Vidole vya watu vilizipima. Na wakati Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania, akiwa UTEP (Chuo Kikuu cha Texas, El Paso), anatwaa ubingwa wa NCAA wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, hakuna kocha aliyekuwa na kumbukumbu 100 mfukoni. Walikuwa na saa, kalamu na ubao wa kuandikia. Kila nikimlaani mtengenezaji kwa kukosa taa, nawakumbuka wazee wale na kunyamaza kidogo.

Jambo la vitendo linalowaponza wanaoanza: simama mahali pamoja na anza kwa moshi au mwali wa bastola, si mlio. Sauti inahitaji karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100. Na ujue mbio yako inaanzia wapi. Kwenye msimu wa ndani tunakimbia maili, ambayo ni mita 1,609.344, hivyo mstari wa kuanzia uko mita tisa na kidogo nyuma ya utepe. Mkimbiaji wa dakika nne na sekunde nane anazimaliza mita hizo kwa kama sekunde 1.4. Ukibonyeza utepeni, mzunguko wa kwanza utaonekana mzito kuliko ulivyokuwa, na utamkaripia mtoto wa watu bure. Nje tunakimbia mita 1,500, na hapo mbonyezo wa kwanza kwenye utepe ni mita 300, si 400. Stopwochi haitakuambia haya. Kijitabu cha maelezo pia hakisemi.

Kazi nyingine ya msaidizi ni kusaka vijana wa sekondari, na hapa stopwochi hii imenilipa mara nyingi. Matokeo ya mtandaoni yanakuonesha kijana amekimbia mita 1,600 (sekondari nyingi za Marekani hazikimbii 1,500) kwa 4:21. Sawa. Wenye 4:21 wako wengi mno. Ninachokwenda kutazama ni jinsi alivyoifikia: aliyeanza kwa 61 akamaliza kwa 70 ni mtu mmoja, na aliyekaa nyuma kwa 67 akafunga kwa 61 ni mwingine kabisa, ingawa karatasi inawapa muda uleule. Naketi jukwaani juu pamoja na wazazi, stopwochi mfukoni, nabonyeza bila kuitoa. Mlio wake ndio unaonisaliti. Huwezi kuuzima kwenye modeli hii. Kila mbonyezo unalia, na makocha wa vyuo vingine waliokaa mstari wa mbele wanageuka. Nimebandika kipande cha utepe wa gundi juu ya tundu la sauti, sasa inanong'ona.

Kuna matumizi moja ambayo sikuyatarajia. Kila kundi la namba linahifadhiwa na tarehe na saa ya siku. NCAA inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, zisizidi 4 kwa siku, pamoja na siku moja ya kupumzika, na siku ya mashindano inahesabiwa saa 3 hata kama mmekaa uwanjani kutwa. Fomu za kuthibitisha hayo zinajazwa na nani? Na mimi. Ijumaa jioni, badala ya kukuna kichwa Jumanne tulianza saa ngapi, napekua stopwochi: kundi la kwanza la namba lilianza muda fulani, la mwisho likaisha muda fulani. Ofisi ya chuo inayosimamia kanuni hizo hainisumbui tena.

Kuzihamisha namba ni kwa mkono. Hakuna waya, hakuna bluetooth. Unakaa na kalamu, unasoma, unaandika, halafu unaingiza kwenye Excel. Wengi watasema ni kasoro. Mimi siihesabu, kwa sababu ni wakati wa kuandika ndipo naona kwamba fulani, kwenye marudio ya nne, amekuwa akilegea kwenye mita 200 za kati wiki tatu sasa, na kumbe hakuniambia kuwa kisigino kinamuuma. Lakini kama una wanariadha 40 na watoto wawili nyumbani, tafuta yenye waya. Zipo, kwa bei kubwa zaidi, na zipo pia zinazochapa karatasi papo hapo. Hizo ni nzito na zinahitaji karatasi yake maalumu, siku karatasi ikiisha umebaki na tofali.

Betri ni ile bapa ya CR2032, inauzwa kila duka la dawa na kila kituo cha mafuta. Mfuniko wa nyuma una skrubu ndogo, kwa hiyo beba bisibisi ya miwani kwenye mkoba. Ukibadilisha betri kumbukumbu zote zinapotea, hamisha kwanza. Maji ya mvua inayamudu. Nimeidondosha kwenye lami na mfuniko wa mpira ukaiokoa. Kamba iliyokuja nayo ni ya nailoni nyembamba, inakata shingo. Toa, weka ya kiatu cha zamani.

Ukiwa kocha wa mbio fupi usinunue hii. Unahitaji milango ya mwanga (vihisi vinavyopima muda mkimbiaji anapoukata mwanga) au kamera, kidole hakitakusaidia kwenye mita 30. Kocha wa kutupa, hela yako iende kwenye utepe wa kupimia. Kwa sisi wa mita 800 kwenda juu, tunaozunguka na basi dogo na risiti zetu, dola 40 na ushee ni bei ya haki. Ukipata modeli yenye taa kwa dola kumi zaidi, chukua hiyo, kisha niandikie hapa chini kama inasomeka kwenye baridi.